Siku Mshale wa Kushoto Uliposhuka

Siku yangu ya kwanza kazini sikuigusa ndege. Nilikabidhiwa kitambaa cha pamba, kopo la petroli na sinia lenye plagi ishirini na nne, nikaambiwa nizisafishe. Plagi, kwa wasiozijua, ni kile kidude kinachotoa cheche ndani ya injini ili petroli iwake. Nilizisugua zote mpaka zikang'aa, na kabla ya adhuhuri nilikuwa nimesimama kando ya sinia langu nikingoja sifa.

Bwana Fundi Mkuu alikuja akaokota moja, akaigeuzageuza kwenye mwanga.

"Hii ilitoka silinda ya ngapi?"

Sikujua. Nilikuwa nimezichanganya zote.

"Plagi chafu ni barua kutoka ndani ya injini," akasema. "Rangi ya masizi yake inakwambia kama silinda inakula oili, au inapata petroli nyingi mno. Wewe umefuta barua ishirini na nne kabla hazijasomwa."

Hakunigombeza zaidi ya hapo. Akaenda zake, nami nikabaki nikitamani ardhi ipasuke.

Hiyo ilikuwa Dar es Salaam ya Mwingereza, muda mfupi baada ya vita vya pili kwisha. Mimi nilitoka Msimbu, huku Kisarawe, ambako baba alilima mihogo na mikorosho na kuuza chumvi na mafuta ya taa barazani. Nilikuwa nimesoma kiasi cha kuandika jina langu vizuri na kusoma namba, na kwa kazi ile namba zilikuwa nusu ya elimu. Bwana Fundi Mkuu alikuwa Mwingereza mfupi, sikio lake moja limeungua zamani kwa moto wa injini. Kiswahili alikipatia Tanga, na kilikuwa kizuri. Alikuwa mkali, lakini sikupata kumsikia akimtukana mtu.

Wiki ileile nilipoanza mimi alianza pia Seif, kijana wa Gwata, karibu na Mlandizi. Tulipanga chumba kimoja Ilala, tukapika chungu kimoja. Seif alikuwa na vidole ambavyo sijaviona tena kwa mtu mwingine. Aliweza kufunga nati mahali ambapo jicho halifiki, kwa kupapasa tu, huku akikuhadithia habari za kwao. Mimi nilikuwa mzito wa mikono lakini mwepesi wa kukumbuka, kwa hiyo tulisaidiana. Yeye alinifundisha kushika spana, mimi nikamsomea vitabu vya maelekezo.

Baada ya miaka miwili nilihamishiwa Kibaha. Usidhani ilikuwa Kibaha hii ya leo. Palikuwa na kiwanja cha nyasi kilichofyekwa kwa ajili ya dharura, ili ndege ikipata shida kati ya Ruvu na pwani iwe na pa kutua. Kazi yangu ilikuwa kusimamia ufyekaji, kufukia mashimo ya ngiri, na kutunza mfuko wa upepo, yaani ule mfuko wa turubai juu ya mlingoti unaomwonyesha rubani upepo unakotoka. Nilikaa mwaka mzima, zikatua ndege mbili tu. Wazee wa jirani walizoea kunitania wakipita kwenda mashambani.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba. Je, mgeni wako kafika?"

"Bado."

"Basi na wewe si ungepanda hata mtama humo, nyasi zisikuchoshe bure!"

Nilichoka kweli, lakini kile kiwanja nilikijua kama uwanja wa nyumba yetu. Nilijua pembe ipi hutuama maji, na upande upi una kichuguu kinachoota upya kila masika.

Niliporudi Dar es Salaam nilipandishwa kuwa fundi, na baadaye kidogo nikawa fundi wa safari. Ndege zetu za injini mbili zilikwenda miji ya bara ambako hakukuwa na mafundi, kwa hiyo fundi alisafiri ndani, kwenye kiti kidogo nyuma ya bega la rubani. Nilipokwenda Msimbu kumweleza mama, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mwanangu, ikiwa chombo hicho ni kizima, wewe unakwenda kufanya nini? Na ikiwa ni kibovu, mbona unakipanda?" Akanisomea dua, akanifungia mihogo mikavu.

Sasa niwaeleze kidogo kazi yenyewe, maana bila hilo hamtaelewa lililotupata.

Mbele ya rubani kulikuwa na dashibodi yenye geji, yaani vipimo vya mviringo vyenye mshale, na kila injini ilikuwa na geji zake. Moja ilionyesha mizunguko ya pangaboi, lile panga la mbele linaloivuta ndege. Ya pili ilionyesha joto la oili. Ya tatu, ambayo tuliiogopa kuliko zote, ilionyesha presha ya oili. Oili ndiyo damu ya injini. Presha ikianguka, vyuma vinasagana vikavu, na baada ya dakika chache injini hujikaza ikafa, au hushika moto. Kwenye ndege ya injini mbili dawa yake ilikuwa kuizima injini mgonjwa mapema na kurudi nyumbani kwa ile nzima. Inaonekana rahisi, na hatari imejificha hapohapo: ukizima nzima kwa makosa, umebaki na mgonjwa peke yake, nawe uko juu ya msitu.

Ndiyo maana Bwana Fundi Mkuu alituimbia kila siku, "Mshale mmoja ni mlalamikaji tu. Usihukumu mpaka upate shahidi." Presha ikishuka, tazama joto, kwa sababu injini iliyopungukiwa oili lazima ipande joto. Sikiliza mlio. Weka kiganja ukutani usikie mtetemo. Presha ikishuka na joto limetulia tuli, huenda geji ndiyo mgonjwa, injini haina neno.

Ndege yetu moja ilikuwa bandani, kwenye karakana yetu, imefunguliwa dashibodi ili ibadilishwe geji zilizochoka. Seif ndiye aliyeirudisha dashibodi mahali pake. Nyuma ya kila geji ya presha kulikuwa na bomba jembamba la shaba lililoleta oili kutoka kwenye injini mpaka kwenye geji. Mabomba hayo yalipita chini ya dashibodi mahali pa giza na pa kubana, na fundi alilala chali kichwa kikiwa kwenye makanyagio ya rubani. Utaratibu ulikuwa watu watatu watie sahihi: aliyefunga, aliyekagua baada yake, na Bwana Fundi Mkuu.

Mkaguzi siku hiyo nilikuwa mimi. Dada yangu alikuwa akiolewa Msimbu, na lori la mwisho la kwenda Kisarawe lilikuwa linakaribia kuondoka. Seif alitoka chini ya dashibodi akijifuta jasho.

"Tayari," akasema. "Ingia utazame."

Nikatazama saa ya ukutani. Nikakumbuka vidole vyake. "Kazi yako naijua," nikamwambia, nikatia sahihi nikiwa nimesimama.

Arusi ilifana. Nilicheza ngoma mpaka viatu vikakatika.

Siku ya tatu tuliruka na ndege ileile kwenda Morogoro. Rubani alikuwa Kapteni mmoja aliyerusha ndege za vita, mtu mrefu asiye na maneno mengi. Asubuhi ile aliwasha injini haraka, moja ikifuatwa na nyingine, wakati mimi niko nje naondoa magogo ya kuzuia magurudumu. Hakuna aliyetazama ni mshale upi ulionyanyuka kwanza. Na injini mbili zikiwa nzima, mishale yao husimama sawasawa, huwezi kujua upi ni wa nani. Tulifika Morogoro salama, tukapakia abiria watano, tukageuza. Miongoni mwao alikuwa mama mmoja wa Kihindi, mjamzito wa miezi ya mwisho, akipelekwa hospitali ya Dar es Salaam na mumewe.

Tulipouvuka mto Ruvu, jua likiwa limepanda vizuri, niliona mshale wa presha wa kushoto unatetemeka. Ukashuka kidogo. Ukarudi. Kisha ukaanza kushuka usirudi.

Kapteni aliuona pia. Mkono wake ukaenda kwenye wenzo wa injini ya kushoto, ule mkono wa kuongeza na kupunguza nguvu.

"Tunaipoteza ya kushoto," akasema. "Naizima."

Nikatafuta shahidi kama nilivyofundishwa. Joto la kushoto lilikuwa palepale lilipokuwa tangu Morogoro. Nikashusha pumzi, nikadhani ni geji tu. Ndipo jicho likanipeleka upande wa pili. Injini ya kulia, ambayo presha yake ilionekana njema kabisa, joto lake lilikuwa linapanda.

Mlalamikaji alikuwa kushoto na shahidi alikuwa kulia. Jambo hilo haliwezekani, ila kwa njia moja tu. Papo hapo nilijiona nimesimama bandani, kalamu mkononi, nikitazama saa.

Nitawaambieni kweli, kwa kuwa sasa nimezeeka na sina cha kuogopa. Kulikuwa na kitambo, labda cha pumzi mbili, ambapo nilifikiri kunyamaza. Mafundi Waafrika tulikuwa wachache, na kosa moja lilitosha kukurudisha shambani. Kisha nyuma yangu nikamsikia yule mama akiulizana na mumewe kwa lugha yao, taratibu, bila wasiwasi.

"Kapteni, usizime!" nikapiga kelele. "Huenda mabomba ya presha yamepishana. Injini inayoumwa ni ya kulia."

Akageuka akanitazama. "Una hakika?"

"Sina. Nilitia sahihi, lakini sikuingia chini kuyaangalia."

Aliuliza tu, "Tutajuaje?"

"Punguza nguvu ya kushoto kidogo tu. Mizunguko ikipungua, presha nayo hupungua. Tutazame mshale upi utatii."

Akavuta wenzo wa kushoto polepole. Mlio wa kushoto ukalegea, na mshale wa presha wa kulia ukainama. Akaurudisha wenzo, mshale wa kulia ukainuka. Akarudia mara ya pili, ukainama tena na kuinuka tena. Ulikuwa ushahidi usio na shaka. Mshale wa "kulia" ulikuwa ukiisemea injini ya kushoto, na ule ulioanguka ulikuwa ukitulilia kwa niaba ya injini ya kulia.

Kapteni akaizima ya kulia. Pangaboi lake likazungukazunguka kwa upepo, kisha likalegea. Ndege ikalemea upande, akaikaza kwa miguu. Tukaanza kushuka, si kwa kasi, lakini kila nikitazama geji ya kimo tulikuwa chini kuliko mwanzo. Mbele yetu vilima vya Kisarawe na Pugu vilikuwa vimejipanga, msitu mweusi juu yake. Nilikuwa na ndugu chini ya vilima vile, na sikupenda wanione kwa namna hiyo.

"Hatutavivuka," Kapteni akasema.

"Kiwanja cha Kibaha kiko kushoto kwako, kaskazini ya reli. Nimekitunza mwaka mzima. Usitue upande wa mashariki, kuna kichuguu. Shika upande wa magharibi, ardhi ni ngumu."

Alinifuata kama nilivyokuwa nikimfuata yeye siku zote. Tukaiona barabara nyekundu ya udongo, tukauona mlingoti, na mfuko wa upepo umejaa vizuri. Magurudumu yaligonga nyasi mara moja, yakaruka, yakagonga tena, yakabaki. Aliposimamisha ndege kukawa kimya hata tukasikia chuma kikipoa. Yule mama wa Kihindi akauliza kwa Kiswahili, "Hii ndiyo Dar es Salaam?" Mumewe akacheka, kisha akaziba uso kwa mikono miwili, mabega yakimtikisika.

Tumbo la injini ya kulia lilikuwa limelowa oili tupu. Bomba la kupeleka oili lilikuwa limepasuka kwa chini, mahali ambapo kutoka kitini usingeweza kuona. Kapteni alisimama akilitazama kwa muda. Kisha akanipa sigara, mimi nisiyevuta, nikaipokea.

Bwana Fundi Mkuu alifika kwa gari alasiri ileile, Seif akiwa naye pamoja na vyombo vya kazi. Abiria walipelekwa mjini kwa gari hilohilo, na yule mama nilisikia baadaye alijifungua salama. Bwana Fundi Mkuu alilala chali chini ya dashibodi, akakaa humo muda mrefu. Alipotoka alikuwa na vumbi nywelani.

"Yamepishana," akasema. "Nani alifunga?"

"Mimi, Bwana," akajibu Seif.

"Nani alikagua?"

"Mimi," nikasema. "Sikuingia chini. Kosa ni langu kuliko lake, kwa kuwa mimi niliwekwa pale ili kosa lake lisipite."

Akalifungua daftari la ndege juu ya bawa. Sote watatu tuliziona sahihi, ya Seif, yangu, na chini yake ya kwake mwenyewe, kwa wino wa buluu. Hakuna aliyeigusia ile ya tatu. Akalifunga.

Wiki iliyofuata uamuzi ulitoka ofisini. Kapteni alikuwa ameandika kwamba fundi wa safari ameokoa ndege na watu saba. Kwa hiyo mimi nilipewa onyo na kuzuiwa kuruka kwa muda, Seif akafukuzwa. Nilikwenda kwa Bwana Fundi Mkuu bila kuitwa.

"Bwana, kosa lilikuwa la watu wawili."

Alikuwa akitazama mikono yake. "Lilikuwa la watu watatu," akasema. "Nimewaambia hivyo. Wamesema wanataka jina moja." Kisha akaongeza, "Ningeweza kuacha kazi. Sikuacha. Nenda kafanye kazi, Kondo."

Jioni nilimkuta Seif anakunja mkeka wake. Nilimsaidia kubeba sanduku mpaka stesheni.

Nilikwenda Gwata mara ya kwanza baada ya mavuno. Mkewe alinikaribisha, akaniwekea maji na muhogo wa kuchemsha, akasema mume wake yuko shambani. Nilingoja mpaka jua likainama, Seif hakuja. Niliporudi mara ya pili, nilimkuta Mlandizi kwenye mashine ya kusaga ya tajiri mmoja, akiwa ndiye fundi wake, amejaa unga mpaka nyusi. Safari hii hakuwa na pa kukimbilia.

"Seif, ndugu yangu, nimekuja kukuomba radhi."

"Kwa lipi? Kwa kusema kweli angani? Ungenyamaza ungekufa, na hao watu pia."

"Kwa kubaki kazini."

Akapangusa mikono polepole. "Kufukuzwa kuliniuma, ndiyo. Lakini hakukuniuma kama lile lingine. Mimi nilikwambia, ingia utazame. Nilikuwa nimelala mle muda mrefu, shingo imekufa ganzi, nilijua macho yangu yamechoka. Nilikuhitaji. Wewe ukaniambia, kazi yako naijua." Akatikisa kichwa. "Uliniheshimu, Kondo, ukaniacha peke yangu."

Tulikaa juu ya magunia ya mahindi. Baadaye akaleta chai, na tulipomaliza kikombe cha pili alianza kunieleza ubovu wa mashine ile, nami nikauliza maswali, tukaendelea hivyo mpaka muadhini akaadhini magharibi.

Toka siku ile tulitembeleana. Nilirudi angani baada ya miezi kadhaa, nikaruka na makapteni wengi, na nilipokuwa msimamizi wa banda sikuikagua kazi ya mtu yeyote nikiwa nimesimama. Niliweka pia sheria yangu: injini ikiwashwa, fundi ataje kwa sauti mshale ulionyanyuka. Vijana wengine walinung'unika kwamba mzee hawaamini. Nilikuwa nikiwaambia kwamba nawapenda, ndiyo maana nalala chini kwenye mavumbi. Walicheka. Baadhi yao walikuja kuelewa.

Bwana Fundi Mkuu alirudi kwao kabla ya Uhuru. Siku ya kuaga alimpa kila fundi mkono, na aliponifikia aliniuliza kwa sauti ya chini kama Seif yu hali gani. Nikamwambia ana watoto wanne na mashine mbili za kusaga. Akaitikia kwa kichwa, akaushika mkono wangu kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyokuwa desturi yao.

Nilistaafu ndege zikiwa zimeanza kuwa za namna nyingine, zisizo na pangaboi, zenye kelele kama radi. Nimerudi Msimbu, nalima mikorosho ya baba. Nikiisikia ndege ya zamani ikipita, huacha jembe nikasikiliza kama injini zote mbili zinaimba pamoja. Wajukuu hunicheka. Hawajui kwamba nilikuwa na maisha mazuri. Niliamka kila asubuhi nikitamani kwenda kazini, na si watu wengi wanaoweza kusema hivyo.

Seif amefariki mwaka huu, wakati wa mvua za vuli. Nilifika Gwata kabla ya maziko. Wanawe, watu wazima wenye mvi zinazoanza, walikuwa wameshashuka kaburini kumpokea baba yao, na mmoja wao, aliyekulia mbali na asiyenifahamu, akanisimamisha ukingoni.

"Samahani, mzee wangu. Wewe ni nani kwa marehemu?"

Nilifikiri niseme nini, mambo yalikuwa mengi. Nikamjibu, "Tulifanya kazi banda moja."

Akanitazama, kisha akaninyooshea mkono, nikashuka.